Kaseti Ishirini na Tatu

Kaseti tupu huuzwa ikiwa na vibati viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukivunja kimoja, rekoda inakataa kurekodi upande huo. Kampuni zilizouza muziki, mahubiri na michezo ya kompyuta zilitoa kaseti zao bila vibati, ili mnunuzi asifute kilichomo hata kwa bahati mbaya. Lakini shimo linalobaki ni dogo. Ukilijaza karatasi iliyokunjwa, ama ukalibandika selotepu, rekoda inadanganyika na kazi inaendelea.

Kaseti zangu ziko 23 na zote zimezibwa. Moja imezibwa kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, moja kwa kipande cha kadi ya kliniki ya mtoto, tatu kwa kitu kinachofanana sana na lami. Mkusanyaji wa Uingereza akiziona atashika kichwa. Yeye anataka kaseti safi, kasha halijapasuka, karatasi ya picha haina doa. Mimi hizi ndizo ninazo, na nimezitafuta kwa miaka mitatu, kutoka Kericho mpaka Bomet, kwa matatu, kwa boda na kwa miguu.

Ni kaseti za michezo ya kompyuta inayoitwa ZX Spectrum. Ilitoka Aprili 1982, ikiuzwa na kampuni ya Clive Sinclair ya Cambridge na kuunganishwa katika kiwanda cha Timex kule Dundee, Scotland. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175. Kwa kompyuta ya rangi, wakati huo, hiyo ilikuwa bei ya mtu wa kawaida kule kwao. Picha moja tu uliyotumiwa leo kwa WhatsApp pengine haiwezi kuingia ndani yake. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisa, na vifungo vyake ni vya mpira, laini kama kifutio. Haikuja na skrini wala diski. Skrini ni TV yako, na mahali pa kuwekea programu ni rekoda ya kaseti, ile ile unayochezea Kwaya ya Vijana.

Hapo ndipo watu huniuliza: mchezo unakaaje kwenye kaseti? Unakaa kama sauti. Kwanza inatoka mlio mrefu ulionyooka, kama filimbi ya refa aliyesahau kuitoa mdomoni. Halafu unaanza mkwaruzo. Ndani ya mkwaruzo kuna mawimbi mafupi na mawimbi marefu mara mbili yake. Fupi ni sifuri, refu ni moja. Kompyuta inasikiliza, inahesabu, inapanga, na kingo za skrini zinachorwa mistari ya buluu na manjano inayotetemeka. Mchezo mkubwa unachukua kama dakika tano. Sauti ikiyumba hata kidogo, kila kitu kinasimama na unaandikiwa kwamba kuna kosa kwenye kaseti. Unarudisha nyuma, unaanza tena. Ukizoea, unajua kwa sikio kama itakubali.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai upande wa Kericho. Nyumba yenyewe ilikuwa na bomba la moshi, nyasi zilizokatwa kila Alhamisi, na mlango wa jikoni ambao ndio babu alipitia kwa miaka 19. Watoto wa meneja walisoma Uingereza na kurudi likizo. Mmoja wao alikuwa rika la mjomba wangu, kifungua mimba wa babu. Mvulana wa kizungu alihitaji mtu wa kucheza naye, na mjomba alikuwa nyuma ya jikoni akichambua maharagwe. Basi likizo tatu au nne mjomba aliketi sebuleni kwa watu, juu ya zulia, miguu imeoshwa.

Mwaka 1987 familia hiyo ilihama. Kama kawaida, vitu vyao viliuzwa bei ya kutupa kwa mameneja wengine, na vilivyokosa mnunuzi wakaachiwa wafanyakazi. Mtunza bustani alipata mablanketi. Yaya akapata cherehani. Babu akapewa sufuria nne nzito, na mjomba katoni moja yenye kompyuta, nyaya na kaseti. Mwaka uliotangulia, Aprili 1986, Sinclair alikuwa ameshauza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad kwa pauni milioni tano. Kwa hiyo kompyuta iliingia kambini ikiwa tayari imepitwa na wakati. Na kambini hakukuwa na TV.

Hapo ndipo kaseti zilipoanza kuwa za maana. Kompyuta bila TV ni jiwe, lakini kaseti ni kaseti. Mjomba aliziazima watu. Kwaya ilihitaji ya kufanyia mazoezi, akatoa. Kijana wa duka alitaka kurekodi nyimbo za Kipsigis kutoka redioni, akatoa. Na kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, alikuwa na daftari la shule la kurasa 48, na ndani yake orodha: namba, jina la mchezo, nani ameichukua, lini. Jumla 31. Mbele ya chache ameandika "imerudi". Mbele ya nyingi hakuna kitu.

Daftari hilo nililipata darini mwaka 2021, kando ya vibuyu vya mursik, nilipokuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Nilikuwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imegoma, mkopo haukutosha, na hatimaye jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Sina hadithi ndefu hapo. Wengi mnaosoma hapa mnaijua hiyo njia mpaka mnajua ina mashimo wapi. Nilipata vibarua vya kuandika mtandaoni: maelezo ya bidhaa, makala za "viti kumi bora vya ofisi". Nimeandika kuhusu mashine za kufagia theluji nikiwa nimevaa gambuti shambani, nikisubiri intaneti irudi baada ya mvua ya mawe. Kuanzia mwisho wa 2022, programu za akili bandia zilipoanza kuandika zenyewe, kazi zikapungua. Muda ukawa mwingi. Orodha ya mjomba ilikuwa na majina ya watu na vijiji, na mimi sikuwa na pa kwenda. Nikaanza kufuata majina.

Kompyuta yenyewe nilimpelekea fundi wa redio mjini Kericho. Hakuwahi kuiona ya aina hiyo ila hakushtuka. Ilikosa kile kifaa cha moto. Inataka volti tisa, na chaja za volti tisa zimejaa, lakini Spectrum ina ukaidi wake: ncha ya ndani ya plagi ni hasi, wakati vifaa vingi vina chanya ndani. "Dada, ungechomeka hii yako ya ruta tungekuwa tunazungumza habari za marehemu," aliniambia, akageuza nyaya, akafunga na tepu nyeusi. TV haikuwa shida. Tangu matangazo ya analogia yazimwe mwaka 2015, TV za kisogo zimejaa vibandani na bei yake ni ya kukuhurumia wewe unayebeba. Tulitafuta chaneli ya 36, chenga zikatulia, na chini ya skrini nyeupe yakatokea maandishi madogo yenye mwaka 1982. Fundi alipiga meza. Wateja wawili wakaja kuangalia kompyuta iliyowaka na isiyofanya chochote.

Kaseti zilikuja moja moja. Litein nilipata nne kwa mzee aliyekuwa na duka, ameziweka kwenye kopo la kakao pamoja na hati ya shamba. Silibwet nikapata mbili kwa mama mmoja ambaye hakutaka pesa, alitaka nimwandikie barua ya kuomba kibali cha kukata mti. Kapkatet nilipata Daley Thompson's Decathlon, mchezo wa 1984 wa riadha ambao unakimbia kwa kupiga vifungo viwili kwa zamu mpaka vidole vinakufa ganzi. Watoto wa Uingereza waliharibu kompyuta nyingi kwa mchezo huo. Upande wa pili wa kaseti kuna kwaya ya akina mama, na katikati ya ubeti wa tatu mtu anakohoa na mbwa anabweka. Nilifikiria Wilson Kiprugut, mtu wa huku kwetu Kericho, aliyeleta medali ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Halafu fikiria watoto wawili nyanda za chai, zulia safi, wanakimbia kwa vidole.

Kapkatet ina historia yake na vitu vya kurekodiwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita hapo na mashine yake, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hadi huku. Jina likapinda kwenye ulimi, na mwenye jina akageuka kiumbe, nusu mtu nusu paa. Tracey alibeba sauti akaenda nazo Afrika Kusini, zikawekwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha. Miaka zaidi ya 60 baadaye, watu wa Ketebul Music na mradi wa Singing Wells, wakishirikiana na maktaba hiyo, walirudisha nakala kwa waimbaji na jamaa zao.

Nimeisikiliza hiyo rekodi mara nyingi nikiwa kwenye matatu. Kinachonikaa ni kwamba kilichokuja kutoka nje kilipofika huku hakikuwekwa kabatini. Kilitumiwa. Wimbo wa mtu ulirekodiwa ndani ya vichwa vya wasichana, na juu yake wakaimba wa kwao. Kaseti za mjomba ni hivyo hivyo. Michezo yenyewe haihitaji kuokolewa na mimi. Kuna hifadhi ya mtandaoni, World of Spectrum, iliyoanzishwa 1995, na karibu kila mchezo uliowahi kutoka uko huko, unaupakua ndani ya sekunde chache. Manic Miner iko. The Hobbit, ule wa 1982 unaochezwa kwa kuandika sentensi za Kiingereza, upo. Kisichokuwa huko ni mbwa wa Kapkatet.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Kila kaseti nikiipata, naisikiliza mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili, kabla ya kuiweka karibu na kompyuta. Nainakili yote kwenye laptopu kama sauti, mkwaruzo na nyimbo pamoja. Halafu naandika: dakika ya kwanza mpaka ya tatu, mchezo, baada ya hapo, mahubiri, baada ya hapo, kimya, baada ya hapo mchezo tena, mkia wake tu. Mtu mmoja wa Leeds tuliyekutana mtandaoni aliniambia kwa upole kwamba hiyo si hifadhi ya michezo, ni hifadhi ya uharibifu. Nilicheka. Aliomba kununua daftari.

Daftari, si kaseti. Na sababu yake ni Jet Set Willy.

Jet Set Willy ni mchezo wa Matthew Smith wa mwaka 1984. Willy ametajirika, amenunua jumba kubwa, amefanya sherehe, na sasa Maria, mtunza nyumba wake, amesimama mbele ya kitanda na hamruhusu kulala mpaka aokote takataka zote chumba kwa chumba. Vyumba ni kama 60. Babu yangu aliosha glasi za sherehe za watu kwa miaka 19 na hajawahi kumzuia mtu kulala. Nadhani angeupenda mchezo huo kuliko sisi sote.

Ili watu wasinakili kaseti, Jet Set Willy iliuzwa na kadi ya rangi. Kadi ina visanduku 180, na kila kisanduku kina rangi nne zilizopangwa. Mchezo ukishaingia unakuuliza kisanduku kimoja. Usipojibu rangi zake sawasawa, hauchezi. Mwaka 1984 mashine ya kunakili karatasi kwa rangi haikuwa kitu cha kila mtaa, kwa hiyo kadi ilikuwa kufuli kweli. Uingereza, watoto waliinakili kwa mkono na kalamu za rangi. Mjomba pia aliinakili kwa mkono, visanduku vyote 180, alama 720, ila alikuwa na bairo moja ya buluu. Basi akatumia herufi, na herufi ni za rangi za ng'ombe. B ni birir, nyekundu. A ni arus, ile ya buluu iliyofifia. N ni nyalil, kijani. Rangi ya nne kwenye kadi ni ile ya zambarau inayoelekea waridi. Hapo ameweka alama ya msalaba. Hakuna ng'ombe wa rangi hiyo.

Kurasa nne za daftari ni hizo herufi tu, zimepangwa wima, hazina kosa. Nilizilinganisha na picha ya kadi iliyoko mtandaoni usiku mzima. Mtoto wa miaka 13 au 14, ambaye hana TV wala ahadi ya kuipata, alikaa akanakili ufunguo wa jumba la mtu.

Mtu wa Leeds alitaja bei. Ilikuwa pesa ambayo ingenunua mabati ya zizi na ikabaki. Nilimwambia mama. Yeye hakuuliza bei. Aliuliza, "Na ile kaseti yangu umeipata?"

Sikujua kuna kaseti yake.

Mama aliolewa, ndoa ikaharibika, akarudi kwao mwaka 2003 na mimi mgongoni. Kwetu binti aliyerudi anapewa mahali pa kulala, lakini shamba ni hadithi nyingine. Shamba la babu lina ekari mbili na nusu, hati bado iko kwa jina lake ingawa yeye hayupo, na namba ya mkulima ya kupeleka majani kiwandani ilikuwa ya mjomba. Mjomba alikuwa utingo wa lori lililobeba chai kwenda Mombasa, mnadani. Mwaka 2005 akiwa huko alituma salamu kwa kaseti, kama watu walivyofanya kabla kila mtu hajawa na simu. Ndani ya salamu hizo, mama alisema, kaka yake alimpa yale mashina ya chini karibu na mto. Mama aliisikiliza mara moja, kwa rekoda ya jirani. Kisha kaseti ikaazimwa tena, kama kaseti zote.

Mjomba alifariki mwaka 2011. Mama aliendelea kuchuna yale mashina kama 600 ya mtoni, majani yakipelekwa kwa namba ile ile, na mke wa mjomba akimtolea pesa zake kila mwezi, na bonasi ikija anamhesabia mkononi, shilingi kwa shilingi. Mke wa mjomba naye alipofariki, watoto wao watatu wa kiume walitaka kukodisha shamba lote kwa mtu mmoja kwa miaka mitano. Mama akasema ya mtoni ni yake. Wakamuuliza, kwa heshima kabisa, "Shangazi, karatasi iko wapi?" Akasema ni kaseti. Mmoja akatazama pembeni asionekane akicheka.

Niliangalia sheria, maana hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo, kusoma vitu. Sheria ya Urithi ya Kenya inakubali wosia wa mdomo, ila usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu. Mjomba aliongea na rekoda, akaishi miaka sita. Kama wosia, kaseti si kitu. Kuna njia nyingine: mama ni mtoto wa babu, na sheria hiyo haitofautishi binti na mvulana, na Katiba ya 2010 nayo inataka ubaguzi wa kijinsia kwenye mambo ya ardhi uondolewe. Angeweza kwenda mahakamani kudai sehemu ya baba yake. Nilimweleza hayo jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Niende kortini na watoto niliowabeba mgongoni?" Mjadala ukaisha.

Kwa hiyo nilirudi kwenye orodha. Kaseti iliyorudi kutoka Mombasa haikuwa mpya. Mjomba alikuwa akisafiri na chache zake kwa ajili ya redio ya lori. Namba 19, Jet Set Willy, mbele yake kumeandikwa neno moja: "gari". Iliniuma kidogo kuona ni hiyo. Nilimtafuta dereva. Amestaafu, anaishi ng'ambo ya Sotik, anafuga kuku. Alinionyesha begi la kaseti 40 hivi, nyingi za rumba, akaniacha nikichambua huku akiniuliza kama nimeolewa. Namba 19 ilikuwemo. Shimo lake lilikuwa limezibwa kwa kipande cha tikiti ya kivuko cha Likoni.

Niliisikiliza hapo hapo, kwenye redio yake. Kwanza ule mlio ulionyooka. Kisha mkwaruzo, dakika moja na zaidi. Kisha klik, na mwanamume anasafisha koo.

Kaseti za michezo zilikuwa fupi, maana mchezo wenyewe ni dakika chache. Mjomba alipata nafasi ya dakika sita tu na nadhani hakujua. Anaongea Kipsigis kilichochanganyika na Kiswahili cha barabarani. Anasalimia kila mtu kwa jina. Anauliza ng'ombe amezaa nini. Anasema joto la Mombasa ni la kuanika mtu kama majani kiwandani. Anaagiza deni la sukari lilipwe. Halafu anamwita mama kwa jina lake la utotoni, na anasema: yale ya chini, ya mtoni, wewe chuna tu, usiulize mtu, ni yako wewe na huyo mtoto, chuna tu mpaka

Na hapo utepe umeisha.

Mkutano ulifanywa Jumamosi moja baada ya majani kuchukuliwa. Walikuja wazee watano, mzee wa kijiji, watoto wa mjomba, majirani wawili wa mpakani. Sikuleta laptopu. Nilileta kaseti yenyewe na redio ya dereva, aliyoniazima kwa sharti kwamba naye aje. Niliweka tangu mwanzo, kwa hiyo wazee wa heshima walikaa wakisikiliza mkwaruzo wa Jet Set Willy kwa dakika nzima wakiwa wameshika fimbo. Mmoja aliuliza kama redio imeharibika. Kisha mjomba akasafisha koo, na hakuna aliyesogeza kiti tena.

Ilipokatika, kulikuwa na kimya. Kisha mtoto mkubwa wa mjomba akasema, polepole, "Amesema mpaka. Mpaka nini?"

Hilo lilichukua saa mbili. Mpaka ninaporudi? Mpaka watoto wangu wakue? Yeye alisema maana hiyo ni wazi, baba yake alimwachia shangazi wakati wao ni wadogo, na sasa wamekua. Mzee mmoja akasema hapana, hakuwa anataja wakati, alikuwa anataja mahali: chuna mpaka mtoni, chuna mpaka kwenye ule ua wa miti, ndio mpaka wa shamba. Neno ni moja. Wakabishana kwa ukali na kwa raha, kama watu wanaobishana juu ya Maandiko. Dereva aliulizwa, akasema mjomba alipenda kuongea na hakuwahi kumaliza sentensi maishani mwake. Watu wakacheka, na nafikiri hapo ndipo jambo lilipolegea.

Waliandika karatasi. Mama atachuna mashina ya mtoni muda wote akiwa hai, na atapata namba yake ya kupeleka majani. Shamba halikodishwi sehemu hiyo. Wote wakatia sahihi, mzee wa kijiji akaweka tarehe. Ile sehemu inayosema "na huyo mtoto", yaani mimi, haikuandikwa. Niliiona haikuandikwa. Mama naye aliiona, akaniangalia, akatia sahihi yake. Yeye ana miaka 47 na mikono inayojua kazi. Mimi ninazo nakala tatu za sauti hiyo katika sehemu tatu tofauti. Siku ikifika tutazungumza juu yake na vizazi vya wakati huo.

Mtu wa Leeds nilimtumia picha za kurasa nne za herufi za ng'ombe, bure, pamoja na maelezo ya birir, arus na nyalil. Daftari lenyewe liko hapa. Bado nina kaseti nane za kutafuta. Tatu nadhani zilitupwa, moja iko kwa mwalimu mstaafu wa kwaya ambaye ananiambia nije baada ya mavuno, na nne sina hata fununu.

Jioni ya mkutano, mtoto mdogo wa mjomba, ambaye alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki, alibaki nyuma wakati wengine wanaondoka. Hakuwa amesema neno siku nzima. Aliniuliza kama ninaweza kumwekea ile sauti kwenye simu. Nikamwekea. Nilimuuliza kama nikate ule mkwaruzo wa mwanzo, akasema aache hivyo. Kisha akauliza, ule mkwaruzo ni wa nini hasa.

Nilikuwa na emuleta kwenye simu yangu. Tuliketi kwenye ngazi ya ghala, nikapakia Jet Set Willy, skrini ikauliza kisanduku chake, nami nikamwambia alete daftari la baba yake kutoka ndani. Alipitisha kidole juu ya zile herufi kwa muda, akapata mstari, akanisomea: N, A, msalaba, B. Mlango ukakubali. Mchezo huo ulitoka na kasoro zake na kama ulivyouzwa haumaliziki, nilimwambia hivyo mapema asije akanilaumu. Akasema ni sawa, akanyoosha mkono apewe simu.